Kukusanya mahitaji ya shehia Pemba: mwongozo kwa anayekwenda kuuliza

Mwongozo huu ni wa mtu anayetumwa na baraza la mji, jumuiya au mradi kwenda kwenye shehia ya Pemba, yaani eneo dogo la utawala lililo chini ya Sheha, akawaulize watu wanataka maendeleo gani. Kazi hii ya uwezeshaji nimeifanya kwa miaka mingi, nikianzia kuwabebea wenzangu manila na kalamu, na makosa mengi ninayokuonya hapa nimeyafanya kwa mikono yangu.

Kwanza ujue unaingia wapi. Matokeo ya uchaguzi wa Zanzibar wa 1995, wa mwanzo tangu vyama vingi viliporudi, yaligombewa. Muafaka wa 1999, mapatano baina ya CCM na CUF, haukushika. Januari 2001, baada ya uchaguzi wa 2000, watu waliuawa katika maandamano, na wengine kama elfu mbili wakavuka kwa mashua hadi Shimoni, Kenya. Katika miaka ile kulikuwa na vijiji ambavyo watu hawazikani, hawanunui kwenye duka la fulani, hawaswali nyuma ya imamu fulani, na ndoa zilivunjika kwa sababu ya vyama. Muafaka wa pili ulitiwa saini Oktoba 2001. Maridhiano ya Novemba 2009, na kura ya maoni ya tarehe 31 Julai 2010 iliyopita kwa asilimia 66.4, yalileta Serikali ya Umoja wa Kitaifa, na watu wakashusha pumzi. Halafu uchaguzi wa 2015 ukafutwa, ukarudiwa Machi 2016 bila ya chama kikuu cha upinzani, na mwaka 2020 nao ukaacha majonzi yake kabla ya serikali ya umoja kurudi Desemba. Aliyekuwa na miaka ishirini mwaka 2001 leo ni mtu mzima mwenye kuoza watoto, na ndiye atakayekaa mbele yako juu ya jamvi. Ukimuuliza kisima kiwekwe wapi, anasikia pia: nani atateka, nani atazuiwa, na jina langu linaandikwa kwa ajili gani.

Kabla ya safari: soma walichokwisha kusema

Wapemba wameulizwa sana. Waliulizwa wakati wa MKUZA, mpango wa Zanzibar wa kupunguza umasikini, wakaulizwa na miradi ya ukanda wa pwani, wanaulizwa na TASAF, mfuko wa kusaidia kaya masikini, kila inapotafuta kaya za walengwa, wakaulizwa tena kwa ajili ya Dira 2050 ya maendeleo ya Zanzibar. Nenda kwenye ofisi ya wilaya na ya halmashauri uombe mpango wa mwisho wa shehia hiyo na ripoti yoyote ya mikutano ya nyuma. Weka alama kwenye kila ahadi. Zile zilizotekelezwa na zile zilizokufa, utakwenda nazo.

Lakini orodha ya mahitaji huzeeka. Karatasi iliyoandikwa kabla ya waya wa umeme wa chini ya bahari kutoka Tanga kufika Pemba mwaka 2010 itakulilia jenereta. Iliyoandikwa kwa sensa ya 2012 inahesabu Wapemba 406,848, na sensa ya 2022 ilikuta 543,441, ongezeko la kama theluthi moja. Kisima kilichotosha wakati ule sasa kina foleni. Kwa hiyo ukifika usijifanye unaanza upya, wala usiwasomee ya zamani kama kwamba ndiyo ya leo. Waambie, "Mwaka fulani mlisema hivi. Hili lilifanyika, hili halikufanyika. Sasa hali ikoje?" Nimeona uso wa mzee ukibadilika kwa sentensi hiyo tu, kwa kuwa alikuwa hajapata kusikia mtu akimrejeshea maneno yake.

Barua, Sheha, na wale wasiotajwa

Barua huanzia kwa Mkuu wa Wilaya, iwe Micheweni, Wete, Chake Chake au Mkoani, nakala kwa baraza la mji au halmashauri na kwa diwani wa wadi, ndipo ifike kwa Sheha. Usimruke Sheha. Yeye ndiye mlango wa shehia, na ukipitia dirishani, waliokukaribisha ndio watakaokuja kuulizwa baada yako.

Ila kifahamu vizuri cheo chake. Diwani anachaguliwa kwa kura, Sheha anateuliwa na Mkuu wa Mkoa. Sheha ndiye anayethibitisha kwamba mtu ni mkaazi, kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi kinapitia kwake, na kitambulisho hicho ndicho kinachotakiwa mtu anapojiandikisha kupiga kura. Pahala ambapo kura zimegombewa kwa miaka thelathini, mwenye mamlaka hayo huogopwa hata akiwa muungwana wa kupigiwa mfano. Masheha wengi niliofanya nao kazi walikuwa waungwana waliobebeshwa mzigo mzito. Hofu iliyopo haiwahusu wao binafsi, lakini ipo.

Siku moja kabla ya mkutano nenda nyumbani kwake, faragha, umuombe hivi: "Sheha, tunakuomba utufungulie mkutano, utuombee dua, kisha utuachie wazee wako na vijana wako. Tukimaliza tutakuja kwako wa mwanzo kukupa majibu." Wengi hukubali, na baadhi hushukuru kwa kuondolewa lawama. Akikataa kuondoka, usigombane naye. Fanya mkutano mkubwa mbele yake kwa mambo ya jumla, kisha fuata vikundi vidogo pale watu walipo: dikoni vinapofikia vyombo vya uvuvi, kwenye mwani, barazani, chuoni wanaposoma watoto Qur'ani.

Baada ya Sheha zunguka kwa miguu. Waamkie imamu wa kila msikiti, walimu wa vyuo vya Qur'ani, mwalimu mkuu wa skuli, mkunga, mkuu wa diko, mwenyekiti wa kikundi cha mwani, mwenye duka. Usimuulize mtu yeyote fulani ni wa chama gani. Swali lako liwe moja tu kila unapotoka: "Nani mwengine nikamuamkie?" Andika majina wanayokutajia. Ukishapita nyumba kumi utaona kwamba kundi hili la nyumba linatajana lenyewe kwa lenyewe, na lile jengine vivyo hivyo, na katikati kuna nyumba zisizotajwa na mtu. Ufa wa kijiji uko hapo, na umeujua bila ya kumlazimisha mtu kuusema. Nenda kwa wasiotajwa pia. Mara nyingi ni wajane, watu wenye ulemavu wanaofichwa ndani, wavuvi wageni wa dago, yaani wanaopiga kambi ya uvuvi, au familia iliyohama wakati wa vurugu ikarudi kimya kimya.

Kupeleka habari ya mkutano ni kazi nyepesi ukijua njia. Tangazo la baada ya sala ya Ijumaa linafika mbali, lakini kijiji chenye misikiti miwili kitangaziwe misikiti yote miwili Ijumaa hiyo hiyo, la sivyo umealika upande mmoja. Njia ninayoiamini zaidi ni watoto wa chuo. Kila nyumba inapeleka mtoto chuoni, na neno la maalim halina chama.

Siku huchaguliwa na mwezi na maji

Mipango mingi inayotoka mjini huvunjikia hapa. Mtu anapanga "Jumanne saa tatu asubuhi", anafika, anakuta wazee sita na kuku.

Bamvua, yaani maji makubwa ya bahari, huja mara mbili kwa mwezi, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Katika siku hizo maji hukupwa sana mnamo saa nne asubuhi, na wanawake wa mwani huingia baharini tangu saa mbili hadi adhuhuri kufunga, kuvuna na kupalilia. Wanaokamata pweza kwa miguu nao wako huko. Ukiitisha mkutano asubuhi ya bamvua, umewaondoa wanawake wa pwani bila ya kuwakataza. Wavuvi wa dagaa nao huvua usiku wa giza na kupumzika kwenye mbalamwezi, kwa hiyo siku inayowafaa hawa si lazima iwafae wale. Siku ninazozipenda ni za maji mafu, bahari isipojaa wala kukupwa sana, tarehe saba hadi kumi, au ishirini na moja hadi ishirini na nne za mwezi wa Kiislamu. Kwa kulala kwa wavuvi na kupika kwa wanawake, wakati mzuri ni baada ya sala ya Alasiri, umalize kabla ya Magharibi. Hiyo ni saa moja na nusu ya kazi, na inatosha kama hukuipoteza kwa hotuba.

Msimu wa karafuu uogope. Tangu Julai au Agosti na kuendelea hadi Januari, mavuno yakiwa mazuri, wanaume wako juu ya mikarafuu na malipo yao ni kwa pishi, kipimo cha karafuu walizochuma. Usiku nyumba nzima inakaa kwenye jamvi kuchambua karafuu na makonyo. Mtu anayekuja kukusikiliza anakuwa amepoteza pishi zake. Ramadhani usiitishe mkutano wa mchana. Baada ya tarawehe inawezekana kwa kikundi kidogo cha wanaume, lakini kwa jumla subiri Sikukuu ipite. Asubuhi ya Ijumaa iache. Na kijijini kukitokea msiba siku ya mkutano, mkutano umeahirishwa. Nenda mazikoni.

Pahala na rangi

Usifanyie mkutano kwenye maskani, vile vijiwe vya wafuasi wa vyama, kwani kila maskani ina wenyewe. Ofisi ya Sheha nayo iache. Skuli inafaa, au kivuli cha mwembe ambao watoto wa pande zote huchezea. Msikiti ni pa kila mtu kwa ibada, lakini wanawake wengi hawatazungumza hapo, na baadhi hawataweza kuingia.

Rangi zina maneno yake. Usivae kijani na njano, wala zambarau, maana ni rangi za vyama, wala kofia au fulana uliyopewa kwenye kampeni yoyote. Hata kadi za manila, zile za rangi rangi tunazobandika ukutani, ziwe nyeupe au za kaki. Niliwahi kugawa kadi za kijani kwa wanawake na za zambarau kwa vijana bila ya kufikiri, na nusu saa nzima ikatumika kwa watu kubadilishana kadi chini chini. Wanawake wakae upande wao au wawe na kikao chao, na kikao chao kiendeshwe na mwanamke. Picha piga kwa ruhusa tu, na usipige picha za wanawake kwa jumla.

Karatasi ya mahudhurio

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo niliharibu kazi kubwa kuliko zote.

Ilikuwa shehia moja ya Wilaya ya Micheweni, na taasisi iliyonituma ilinipa fomu yenye safu tano: jina kamili, umri, namba ya kitambulisho, simu, saini. Watu walikuwa wamejaa, kama sabini hivi, darasa lote na barazani. Nikaipitisha fomu kutoka mbele. Ilipofika safu ya tatu ya madawati, mzee mmoja aliishika, akaisoma juu hadi chini, akauliza, "Mwanangu, namba ya kitambulisho ya nini kwenye maji?" Nikamjibu kwa haraka kwamba ni utaratibu wa ofisi. Akaikunja mara moja, akampa jirani yake bila ya kuandika, akasema anakwenda kufunga ng'ombe. Baada yake akatoka mwengine kufunga ng'ombe. Baada ya dakika ishirini nilibaki na watu kumi na saba, na kumi kati yao walikuwa jamaa wa mtu mmoja. Ng'ombe wote wa shehia ile walifungwa mchana huo.

Yule mzee alikuwa sahihi. Sikuwa na jibu kwa sababu namba ile haikuwa na kazi yoyote. Tangu siku ile nafanya hivi. Idadi ya wahudhuriaji nahesabu kwa macho, wanaume, wanawake na vijana, naandika tarakimu peke yake. Namba ya kitambulisho siiombi. Kama kuna nauli au posho ambayo mhasibu anataka saini yake, karatasi hiyo ni ya malipo tu, ina jina na kiasi, naisoma kwa sauti mbele ya wote, na anayetaka kubaki bila ya kupokea wala kusaini anabaki na anakunywa chai kama wenzake. Kiasi ni kimoja kwa kila mtu na kimetangazwa tangu siku ya mwaliko. Karatasi hiyo naondoka nayo. Siiachi kwa Sheha, wala kwa diwani, wala kwa mtu wa chama chochote. Na kwenye daftari la maoni sitii jina la msemaji. Naandika "mwanamke wa mwani", "kijana wa bodaboda", "mzee wa kitongoji cha juu".

Kama bosi wako anakataa, pambana naye kabla ya safari. Mbele ya watu huna tena nafasi.

Kufungua

Anza kwa salamu na dua, na muombe imamu, au mzee anayeheshimika pande zote, aseme maneno mawili juu ya shura. Aya ya 159 ya Surat Al Imran, inayomuamrisha Mtume (S.A.W.) ashauriane na watu wake, ilishuka baada ya vita vya Uhud. Kabla ya vita rai yake ilikuwa kubaki Madina, wengi wakataka kutoka, akawasikiliza, na msiba ukawafika. Pamoja na hayo akaamrishwa awasamehe na aendelee kushauriana nao. Hakuna utangulizi unaofaa zaidi kwa watu waliowahi kuumizana: mashauriano yanaendelea hata pale yalipokwisha kuwagharimu.

Kisha sema ukweli kuhusu mfuko wako. Bibi mmoja huuliza kila mara, "Haya mwanangu, umetuletea nini?" Jibu liwe wazi: "Bibi, leo sijakuleteeni kitu. Nimekuja kuchukua maneno yenu. Yatakwenda kwa fulani, atayaamua mwezi fulani, na fedha iliyopo inatosha jambo moja au mawili, haitoshi yote." Ukijificha hapa, watu watajaza orodha ya mambo ishirini, na kila moja utakuwa umeliahidi kwa kunyamaza.

Kuuliza

Swali baya kuliko yote ni "Mnahitaji nini?" Mtu akiulizwa hivyo hutazama gari uliyokuja nayo, akakadiria una uwezo gani, akataja kinacholingana na gari. Ukija na watu wa afya utaambiwa dispensari, ukija na watu wa uvuvi utaambiwa boti.

Uliza siku ilivyokwenda. Maji ya leo asubuhi yametoka wapi, nani ameyachota, alirudi saa ngapi? Mara ya mwisho mtu kuumwa usiku alipelekwa na nini? Samaki waliobaki jana wamekwenda wapi? Mtoto aliyeacha skuli mwaka huu aliacha kwa sababu gani? Majibu ya maswali haya hayana chama, na ndani yake mahitaji hujitaja yenyewe.

Na neno moja likitajwa na wengi, usiliandike kabla ya kulifungua. Nitakupa mfano niliouona kwa macho. Kwenye shehia moja ya Kusini Pemba, wanaume na wanawake walikaa mbali mbali, na wote walisema "barabara". Ningeandika barabara nikaondoka na furaha kwamba kijiji kina kauli moja. Tukawaomba wanawake wachore ramani chini, kwenye mchanga wa uwanja wa skuli. Walitumia kamba ya mwani kuwa njia, vipande vya makuti kuwa nyumba, mawe kuwa visima, na kifuu kimoja kuwa kituo cha afya. Mama mmoja aliyekuwa kimya muda wote alitambaa kwa magoti hadi katikati ya ramani, akachukua konzi ya mchanga mbichi na kuumwaga juu ya kamba, baina ya nyumba na kile kifuu. "Hapa pana bonde," alisema. "Masika maji yanafika kiunoni. Mzazi mwenye uchungu tunambeba kwa kitanda." Halafu akakaa palepale, hakurudi nyuma tena. Wanaume, kwenye ramani yao, walikuwa wamechora njia nyengine kabisa: ya kutoka barabara kuu kwenda dikoni, ili gari ya barafu ifike kabla ya samaki kuharibika. Neno moja, barabara mbili, na hazigusani pahala popote.

Kwa hiyo kila "barabara" iulize: kutoka wapi kwenda wapi, nani anapita, mwezi gani haipitiki. Kila "maji" yaulize ni ya kunywa, ya kufulia au ya bonde la mpunga. Kila "skuli" iulize ni darasa, mwalimu, au choo cha wasichana. Na kila "mkopo" uulize ni wa namna gani. Wengi hawatakubali mkopo wenye riba, na hawatakwambia hivyo mkutanoni ili wasikuvunje moyo. Wataacha tu kuuchukua, na ripoti itasema wavivu. Vikundi vya kuweka na kukopa bila ya riba viko vijijini tayari, anza kwa kuwauliza hao wanavyofanya.

Kuchagua kwa kete, na kanuni kabla ya kete

Kunyoosha mikono kuache. Mtu hutazama kwanza nani amenyoosha.

Punguza orodha hadi mambo sita. Kwa kila jambo weka kifuu kimoja na kitu cha kulitambulisha, ili asiyesoma asihitaji kusomewa: kopo la maji, chaki, pakiti tupu ya dawa, kipande cha nyavu, balbu, jiwe la barabara. Vipange kwenye kona ya darasa, tundika kanga kuwa pazia, na kila kifuu kifunike kwa kawa. Kila mtu anapewa kete tano za bao, anaingia peke yake, anazitia anavyopenda. Akitaka zote kwenye kifuu kimoja ni haki yake. Wanawake wapige kwao, wanaume kwao, vijana kwao, kila kundi na hesabu yake. Hesabu ifanyike mbele ya watu, na wanaohesabu wawe wawili wasiotoka katika kundi moja la nyumba. Ile orodha yako ya majina yaliyotajana itakusaidia kuwapata.

Lakini hata kete zikiwa safi namna gani, kuna hatari. Kitongoji chenye nyumba kumi na mbili hakitashinda hata siku moja mbele ya kitongoji chenye nyumba mia, na ukiacha hesabu iamue kila kitu, umerudisha kijijini donda lile lile la mshindi kuchukua vyote. Kwa hiyo kabla ya kugawa kete, kubalianeni kanuni: jambo la kwanza litachaguliwa kwa wingi wa kete, na la pili litatoka kwa kitongoji au kundi ambalo jambo lake halikupita. Wazanzibari wanaijua akili hiyo. Ndiyo waliyoipigia kura 2010, kwamba chama cha pili nacho kikae serikalini na Makamu wa Kwanza wa Rais atoke kwao. Nimeielezea kwa mfano huo mara nyingi, na sijapata kuona mzee akiipinga.

Ardhi ina Serikali, miti ina wenyewe

Kabla ya kuandika kwamba kisima kitakuwa hapa, nenda mkasimame hapo. Kwa sheria ardhi yote ya Zanzibar ni mali ya umma, lakini mnazi na mkarafuu ulio juu yake unaweza kuwa wa mtu, au wa wakfu, na shamba linaweza kuwa la eka tatu zilizogawiwa baada ya Mapinduzi. Mkarafuu haukatwi bila ya kibali. Njia ya bomba ikipita katikati ya miti ya mtu, muulize yeye, muulize na nduguye, maana miti hurithiwa na wengi. Ikiwa ni wakfu, suala hilo ni la Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Kisima kikichimbwa uani kwa mtu mmoja kitaitwa kwa jina lake, na baada ya uchaguzi unaofuata kutakuwa na watu wasiokiteka. Kichimbwe njiapanda, au ubavuni mwa skuli.

Kurudi

Kabla ya kuondoka soma kwa sauti ulichokiandika, chote, na uwaache wakusahihishe. Kisha taja tarehe ya kurudi. Mimi huchukua siku arubaini, kwa sababu kila mtu anajua kuzihesabu, na kwa sababu ofisi zetu zikisukumwa zinaweza kutoa jibu ndani ya muda huo.

Nakala moja ya maneno yao, kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, bila ya jina la mtu, bandika dukani, skuli na kwenye ofisi ya Sheha. Nakala ya dukani ndiyo itakayosomwa zaidi.

Siku ya arubaini nenda, hata kama huna jibu, hata kama jibu ni hapana. Hapo ndipo wengi wetu tunapopotea. Ofisi ikikataa jambo lao, tunaona haya, tunanyamaza, na mwaka unaofuata anatumwa mwengine. Waambie lililokubaliwa, lililokataliwa na kwa nini, na nani ameshika karatasi yao sasa, kwa cheo na ofisi, ili wajue pa kufuatilia wenyewe. Kama gari haikupatikana, panda daladala. Ukifika, kabla ya kufungua karatasi, uliza nani amefariki tangu ulipoondoka, na uzunguke nyumba hizo zote, za pande zote, ukatoe mkono wa pole.